Dakika 50 ni za Nani?

Hotuba kwa walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni

Mwenyekiti wa semina, walimu wenzangu, asalaam alaykum, na kwa wote habari za asubuhi.

Itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana mwenyekiti amenipa dakika 25 na nimemwona akivua saa yake na kuiweka mezani.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mbinu za kuwafanya wanafunzi waseme. Mbinu tunazo. Kila mmoja wetu ana michezo yake, nyimbo zake, kadi zake za picha alizokesha akizikata kwa mkasi. Mimi nimekuja na jambo kavu zaidi, nalo ni saa. Ninaamini darasa la mazungumzo hukwama pale mwalimu anapoingia bila kupanga nani atasema, kwa muda gani, na nani atakuwa akimsikiliza. Chukueni andalio la somo tulilozoea. Lina safu ya mada, safu ya malengo, safu ya zana, safu ya kazi za mwalimu, kisha safu nyembamba ya kazi za mwanafunzi. Kwenye safu hiyo huandikwa "kusikiliza na kujibu maswali", na mwalimu hugeuza ukurasa akiwa na amani kabisa moyoni.

Tufanye hesabu, ni fupi. Vyuo vingi vya Marekani vinavyofundisha Kiswahili vina vipindi vya dakika 50. Tuseme darasa lina wanafunzi 12, ambalo ni darasa la kujivunia. Mwalimu anasalimia, anaita majina, anarejea somo la jana, anaeleza la leo, anauliza, anarekebisha, anatoa mfano mwingine kwa sababu ule wa kwanza haukueleweka. Dakika 30 zimekwenda naye, na huyo ni mwalimu anayejizuia. Zinabaki 20. Gawanya kwa 12: kila mwanafunzi ana dakika 1 na sekunde 40. Kwa muhula wa wiki 15, siku 5 kwa wiki, kijana huyo atakuwa amesema Kiswahili kwa saa 2 na dakika 5. Muhula mzima! Kuna watu humaliza maneno mengi kuliko hayo kwenye foleni moja ya benki.

Sasa wagawe wawili wawili kwa dakika 30 kati ya zile 50. Kila mmoja anasema nusu yake, dakika 15. Muhula ukiisha amesema saa 18 na dakika 45. Mwalimu ni yule yule, kitabu ni kile kile, na ada ni ile ile.

Na saa hizo tunazihitaji. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake inakiweka Kiswahili fungu moja na Kiindonesia na Kimalei, lugha ambazo Mwingereza au Mmarekani huhitaji takriban wiki 36, yaani zaidi ya saa 800 za darasani, hadi aweze kufanya kazi nazo. Mwanafunzi wetu wa chuo anapata saa 62 na nusu kwa muhula. Akikaa nasi miaka miwili, mihula 4, amepata 250. Kwa hiyo swali la nani anazitumia hizo saa si la mapambo.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu hunifuata kila ninapolisema hili: wanafunzi wawili wasiojua lugha wakiachwa wazungumze, si wataambukizana makosa? Wataambukizana kiasi. Lakini tazameni upande wa pili. Huko Kanada, watoto wa Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka kadhaa walifikia kuelewa vizuri sana, ila katika kusema na kuandika walibaki nyuma ya wenye lugha. Merrill Swain, aliyewachunguza, akaandika mwaka 1985 kwamba kusikia pekee hakutoshi. Lazima mwanafunzi asukumwe atoe lugha yake mwenyewe, agonge ukuta, atafute njia. Watoto wale walikuwa wakimsikia mwalimu mwenye Kifaransa safi kuanzia asubuhi. Sisi tunaye mgeni kwa dakika 50 tu, halafu tunataka zote atusikilize!

Kosa la upande mwingine nalo lipo. Ni la mwalimu anayependa mazungumzo hadi anayaacha yajiendee. Anaingia, anakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, anasema: "Haya, leo tuzungumze kuhusu familia." Kimya. Halafu anasema yule mmoja, mnamjua, kila darasa linaye, aliyejitolea Tanga miezi kadhaa akarudi na Kiswahili cha mtaani na kanga tatu. Anasema yeye, mwalimu anafurahi, wawili wanacheka, wengine wote wanatazama kucha zao. Kengele inalia na mwalimu anatoka akidhani kipindi kilichangamka. Kilichangamka kwa watu wawili, na mmoja wao analipwa mshahara.

Msimamo wangu ni kwamba mazungumzo huru yanahitaji ratiba kali kuliko somo la sarufi. Ukifundisha ngeli ya KI-VI na muda ukakuponyoka, utamalizia kesho. Mazungumzo yasipopangiwa mwanzo, zamu na mwisho, huwa ya wale wasiokuhitaji.

Nikieleza kipindi changu mwenyewe kitaonekana cha kijeshi. Dakika 5 za salamu. Dakika 8 zangu, za kuleta kitu kipya. Dakika 15 za kazi ya wawili wawili. Kama dakika 10 za kusimulia. Dakika 7 za makosa. Ukijumlisha utapata 45. Zile 5 huliwa na viti, wachelewaji na mtu mmoja aliyesahau kalamu.

Salamu sitazipita haraka, maana hapo tuna utajiri ambao walimu wa lugha nyingi hawana. Mgeni anafika akidhani salamu ni neno moja na jibu moja. Kwetu salamu ni mazungumzo kamili: unaulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu jana, na kila jibu ni "nzuri" au "salama" hata kama paa limevuja usiku. Ina zamu zake, ina heshima zake, na mgeni anaweza kuifanya wiki ya kwanza bila kujua kitenzi hata kimoja. Sasa sisi tunaiharibuje? Tunasimama mbele, "Hamjambo!", darasa zima linaitika "Hatujambo!", basi, tufungue ukurasa wa 14. Tumetupa mazungumzo 12 ya bure.

Mimi huwapa vikadi mlangoni. Kimoja kimeandikwa bibi wa miaka 70, kingine mtoto wa shule, kingine muuza samaki, kingine mwalimu mkuu. Wanazunguka chumbani na kusalimiana, na kila wanapokutana lazima waamue nani atoe shikamoo na nani aitike marahaba, nani wa kuambiwa "mambo" na nani ukimwambia "mambo" umejitafutia balaa. Sharti langu ni moja: usimwache mtu kabla hujamuuliza habari tatu. Dakika 5 zikiisha, kila mmoja amesema na watu wanne au watano, na mimi sijasema kitu zaidi ya "karibuni".

Zile dakika 8 zangu nazilinda pia, zisizidi. Hapa nina deni kwa Earl Stevick, Mmarekani aliyetayarisha masomo ya Kiswahili kwenye taasisi ile ile ya wanadiplomasia miaka ya 1960. Yeye alipendekeza mizunguko mifupi. Katika sehemu ya kwanza ya mzunguko mwanafunzi anaiga sauti, anajua maana, anazoea umbo. Katika ya pili anayatumia maneno yale yale kuwasiliana kweli, kuuliza asilolijua na kujibu lililo kweli. Bila sehemu ya pili mzunguko haujafungwa. Ninachokipenda ni ule ufupi: unafundisha "Unakaa wapi?" na "Nakaa mbali na hapa", dakika 3 za kuiga, kisha watu wanainuka kutafuta nani darasani anakaa mbali kuliko wote na anafikaje. Hakuna kusubiri hadi mada iishe, wala hadi Ijumaa iliyotengwa kwa mazungumzo. Ijumaa hiyo nimeiona kwenye ratiba nyingi, na kila mara ndiyo inayoliwa na mtihani, mgeni rasmi au sikukuu.

Kazi ya wawili wawili ina kanuni moja tu: kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzake hana na anakihitaji. Bila hiyo, watasomeana sentensi kama wanaokagua risiti. Mfano ninaoutumia sana ni boti za kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Nabuni ratiba, naichana mapande mawili. Mmoja ana saa za kuondoka, mwingine ana nauli na idadi ya nafasi zilizobaki. Wamepewa hali: mna fedha kiasi hiki, mnatakiwa kufika kabla ya chakula cha mchana, mna mizigo. Hawaruhusiwi kuoneshana karatasi. Mkate tiketi.

Hapo ndipo saa yetu inapofanya kazi yake. Karatasi imeandikwa 7:00, kama simu zinavyoandika. Mwanafunzi anasema "saa saba asubuhi", mwenzake anaandika, kisha anasita: saa saba asubuhi ni ipi hiyo? Au anasema "saa saba" tu, na mwenzake anapanga kwenda bandarini baada ya adhuhuri, wakati boti ilishaondoka saa moja. Wanagombana, kwa Kiswahili, Kiswahili kibovu lakini cha kutaka kuelewana. Ningeweza kuwaeleza ubaoni kwamba tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Nimewahi kueleza hivyo mara nyingi, wakaandika vizuri kwenye daftari, na wiki iliyofuata wakafika saa saba.

Baada ya hapo kuna kusimulia. Alieleza mbinu hii Keith Maurice mwaka 1983, na Paul Nation wa New Zealand akaichunguza baadaye. Mwanafunzi anasimulia jambo kwa dakika 4, kisha jambo lile lile kwa mtu mwingine kwa dakika 3, kisha kwa wa tatu kwa dakika 2. Msikilizaji hubadilika, kwa hiyo anayesimulia haoni aibu ya kurudia, na muda unapopungua ulimi unalazimika kuwa mwepesi. Kwa wanaoanza mimi hushusha: 2, 1 na nusu, na 1. Wanasimama mistari miwili inayotazamana, nikipiga kofi mstari mmoja unasogea hatua moja. Wakimaliza upande mmoja, upande mwingine unaanza. Mada iwe ndogo, si "utamaduni wa kwenu". Iwe "ulikula nini jana na nani alipika". Simulizi ya tatu ikifika, mtu aliyeanza na "mimi… jana… aa… kula…" mara nyingi anasema "jana nilikula wali na dada yangu" bila kutazama dari.

Sasa tunyamaze nasi. Namaanisha sisi walimu. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyekuwa akichunguza madarasa ya sayansi Marekani, aligundua miaka ya 1970 kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuuliza tena au kujibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Hao walikuwa wakijibu kwa lugha yao! Wetu anatakiwa kusema "hatukuwaambia". Wewe na mimi tunalitamka kama mtu anayepiga chafya. Yeye anatafuta ukanushi, kisha nafsi, kisha wakati, kisha wanaoambiwa, kisha mzizi, na mwisho anakumbuka kwamba kwenye wakati uliopita irabu ya mwisho haibadiliki. Sekunde 1? Mimi hubeba chupa ya maji darasani. Nikishauliza, nakunywa funda moja, polepole. Hakuna anayejua kama nasubiri.

Makosa je? Wakati wa zile dakika za wawili wawili napita na daftari dogo, naandika ninachosikia, siingilii. Kuna tabia yetu moja ninaomba tuichunguze. Mwanafunzi anasema "kitabu wangu kimepotea". Sisi kwa upole tunasema, "Aa, kitabu chako kimepotea." Naye anaitika, "Ndiyo, kimepotea." Yeye amesikia huruma, sisi tunadhani tumefundisha upatanisho. Roy Lyster na Leila Ranta walihesabu haya katika madarasa ya Kifaransa ya Kanada, wakachapisha mwaka 1997: kumrudishia mwanafunzi sentensi yake ikiwa imenyooshwa ndiyo njia walimu waliyoitumia kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa nadra kuliko zote. Kilichofanya kazi zaidi ni kumwachia yeye anyooshe. "Kitabu…?" Halafu funda la maji.

Katika dakika 7 za mwisho naandika ubaoni sentensi kama sita nilizozisikia, bila majina. Baadhi ni sahihi, makusudi. Wawili wawili wanaamua zipi za kutengeneza. Wanabishana tena, na nimepata mazungumzo mengine ambayo sikuyapanga, au niseme niliyapanga bila kuwaambia.

Kuna wezi wa saa wawili niwataje upesi. Wa kwanza ni swali zuri la sarufi. Mkono unainuka: "Mwalimu, kwa nini ni mtu wangu lakini rafiki yangu?" Ni swali zuri kweli, na mwalimu wa Kiswahili akiulizwa hivyo damu inamchemka, chaki inashikwa, na baada ya robo saa tuko kwenye ndugu zangu, mbuzi wangu na historia ya Wabantu. Mimi nina kona ubaoni ya maswali ya namna hiyo. Naandika, nashukuru, tunaendelea. Yanajibiwa kwa maandishi, au dakika chache za kipindi cha mwisho wa wiki. Sarufi isomwe nyumbani, ambako kuna taa na kitabu. Nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Wa pili ni Kiingereza. Baraza la Marekani la walimu wa lugha za kigeni linapendekeza lugha inayofundishwa itumike asilimia 90 au zaidi ya muda wa darasa. Nakubaliana nalo, ila siwi polisi. Nimeona mwalimu akitumia dakika 6 za ishara, michoro na jasho kueleza maelekezo ya mchezo wa dakika 5. Sema kwa Kiingereza, sekunde 20, warudi kazini. Ile asilimia 10 tumeachiwa kwa ajili hiyo.

Wenzetu wa Kifaransa na Kiarabu waliojiunga nasi wameniuliza wakati wa chai: hayo ni ya watu 12, sisi tuna 50 kwenye madawati yaliyopigwa misumari sakafuni. Safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zigeuke nyuma. Kila mmoja sasa ana uso wa mtu mbele yake, na dawati halijasogea. Kelele itakuwepo, na itakuwa kubwa. Mwalimu mkuu aambiwe mapema, vinginevyo atakuja na fimbo. Na muwe na ishara ya kunyamazisha iliyokubaliwa siku ya kwanza, kipenga au taa, kwa sababu sauti yenu haitatosha.

Yupo pia mwanafunzi wa nyumbani, kijana ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na yeye kakulia Muscat au Minnesota. Anaelewa kila kitu, hasa kugombezwa: njoo, kaa, nyamaza, hebu acha. Ukimuuliza anajibu kwa lugha nyingine. Tusimfanye mwalimu msaidizi, tutamwonea na kuwaonea wengine. Katika kazi ya boti mpe pande la karatasi lenye maelezo marefu ya kueleza, lile ambalo neno moja haliwezi kulijibu. Amezoea kusikiliza miaka yote. Zamu yake ya kusema haijawahi kupangwa na mtu.

Na mtihani. Haya yote hayatafika popote mtihani wa mwisho ukiwa wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Wanafunzi si wajinga, wanasoma kinachotahiniwa. Mimi huwaita wawili wawili, dakika 8, wanachagua karatasi, wanapewa shida ya kutatua pamoja, nami nakaa pembeni na kimya changu. Alama nyingi zaidi zinatoka hapo kuliko kwenye karatasi. Idara ikikataa, omba hata asilimia 30.

Mwenyekiti ameshaivaa saa yake. Zile ratiba za boti nimeziacha kwa katibu pale mlangoni. Upande wa kushoto wa ukumbi mtapewa saa za kuondoka, upande wa kulia nauli. Anayetaka zote mbili atajua la kufanya wakati wa chakula.